Antoni van Leeuwenhoek, Mwuza Nguo wa Delft

Antoni van Leeuwenhoek alizaliwa mwaka 1632 katika mji wa Delft, nchi ya Uholanzi. Baba yake alisuka vikapu, akafa Antoni angali mtoto mdogo. Alipopata miaka 16 alipelekwa Amsterdam kujifunza kazi ya kuuza nguo. Kisha akarudi Delft, akaoa, akafungua duka lake. Alizaa watoto watano, lakini wanne walikufa wakingali wadogo. Maria peke yake akabaki.

Antoni hakusoma chuo kikuu, wala hakujua Kilatini, lugha ya wenye elimu wa siku zile. Lakini wauza nguo walitumia kioo cha kukuza, wapate kutazama nyuzi za kitambaa kama ni nzuri. Antoni alitaka kuona zaidi. Alisugua vipande vidogo vya kioo mpaka vikang'aa, akashikiza kila kimoja katikati ya vibati viwili vya shaba. Chombo hiki chaitwa mikroskopu. Kilienea katika kiganja cha mkono, lakini kimoja kilichohifadhiwa hata leo hukuza kitu mara 270 hivi.

Antoni alijiuliza kwa nini pilipili huchoma ulimi. Basi mwaka 1676 aliloweka pilipili manga katika maji. Baada ya majuma machache akatazama tone la maji yale. Lo! Wanyama wadogo wasiohesabika walikuwa wakiogelea humo.

Na maji ya bahari, je? Tarehe 27 Julai mwaka uleule alikwenda pwani ya Scheveningen. Mtu mmoja alikuwa akienda kuoga baharini. Antoni akampa chupa mpya, akamwomba aisuuze mara mbili tatu kwa maji ya bahari, kisha aijaze. Kwa nini aisuuze? Ili uchafu wa chupa usimdanganye. Alipoyachungua maji hayo, akaona kinyama cheusi-cheusi, kama vidonge viwili vilivyoshikana, kikirukaruka kama kiroboto. Nacho kilikuwa kidogo kuliko jicho la kiroboto wa maji!

Antoni aliandika hayo yote kwa chama cha wataalamu, Royal Society ya London. Wataalamu wakatazama maji, wasione kitu. Wakawa na mashaka. Je, mwuza nguo huyu asema kweli? Antoni akawaita watu wanane wenye heshima, na wachungaji wa dini kati yao, watazame kwa macho yao wenyewe. Waliona, wakaandika ushuhuda wao. Halafu, tarehe 15 Novemba 1677, mtaalamu Robert Hooke aliwaonyesha wenzake wanyama wale huko London. Mashaka yakaisha. Mwaka 1680 mwuza nguo akachaguliwa kuwa mmoja wa chama kile.

Antoni alifanya kazi hiyo mpaka uzeeni. Hata alipokuwa mgonjwa kitandani, alimwomba rafiki azitume London barua zake mbili za mwisho. Alikufa mwaka 1723, mwenye miaka 90.

Leo twajua kwamba viumbe vidogo vya bahari si vitu vya bure. Vingine hutengeneza karibu nusu ya oksijeni yote itokayo kwa mimea na viumbe vya namna hiyo duniani.

Watoto, Antoni hakuwa na vyeti vikubwa. Alisuuza chupa yake vizuri, akatazama kwa saburi, akaandika alichokiona tu. Nanyi fanyeni vivyo hivyo katika kazi zenu.