Rube Foster: Mjenzi wa Ligi ya Weusi

Mnyonge hana haki, walinena wahenga. Mara nyingi sisi huutamka msemo huu kwa kukata tamaa, kana kwamba aliyenyimwa haki hana la kufanya ila kuinamisha kichwa. Maisha ya Andrew Foster, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rube, yanatutaka tuutafakari upya. Bwana huyu alifungiwa mlango wa mchezo alioumudu kuliko wengi wa wakati wake. Hakuketi mlangoni akasubiri huruma, bali alijenga nyumba yake kando. Makala haya yanasimulia jinsi nyumba hiyo ilivyojengwa, na yaliyoipata mjenzi wake alipoanguka.

Foster alizaliwa tarehe 17 Septemba 1879 mjini Calvert, katika jimbo la Texas, kusini mwa Marekani. Utumwa ulikuwa umekomeshwa miaka 14 tu iliyotangulia. Babake alikuwa kiongozi katika kanisa la Kimethodisti, lakini moyo wa mwana haukuwa mimbarini. Angali kijana, aliacha shule akaufuata mchezo wa besiboli. Kwa msomaji wa kwetu, besiboli ina undugu na kriketi: mrushaji humrushia mpira mpigaji mwenye gongo, naye mpigaji akifaulu kuupiga hukimbia kuzunguka vituo vinne ili aipatie timu yake alama. Foster alikuwa mrushaji, tena mwenye mwili mkubwa na akili pevu.

Ligi kuu za Marekani hazikumtaka. Mnamo 1884 Moses Fleetwood Walker, Mmarekani Mweusi, aliichezea timu ya Toledo katika ligi iliyohesabiwa kuwa kuu. Baada yake mlango ulifungwa kwa mapatano ya chini kwa chini baina ya wamiliki wa timu. Wachezaji Weusi hawakuwa na budi kuunda timu zao, ambazo zilizurura mji hadi mji bila ratiba ya kudumu. Aidha, zilitegemea mawakala Wazungu waliodhibiti viwanja na kujikatia sehemu ya viingilio.

Mwaka 1902 Foster alifika Chicago. Mwaka uliofuata alijiunga na Cuban X-Giants, timu ambayo licha ya jina lake ilikuwa ya Wamarekani Weusi. Katika mashindano ya kuwania ubingwa wa timu za Weusi mwaka huo wa 1903, alishinda mechi nne dhidi ya Philadelphia Giants. Walioshindwa hawakungoja kushindwa tena. Kufikia 1904 Foster alikuwa mchezaji wao. Alirejea Chicago mnamo 1907, na mwaka 1911 akaanzisha Chicago American Giants kwa ushirikiano na Mzungu John Schorling. Timu hiyo ilitumia uwanja ambao White Sox walikuwa wameuhama. Akiwa meneja, Foster aliwafunza wachezaji wake mbio na ujanja: kuugusa mpira kwa upole ukaanguka karibu, kisha kutimua mbio kabla mpinzani hajajua la kufanya.

Katika miaka hiyo, malaki ya Weusi walikuwa wakihama mashamba ya Kusini kutafuta kazi katika viwanda vya Chicago, Detroit na miji mingine ya kaskazini. Wahamiaji hao ndio waliojaza viwanja siku za Jumapili. Hata hivyo, Kaskazini hakukuwa peponi. Mwezi Julai 1919 ghasia za kibaguzi zilizuka Chicago, na watu 38 wakauawa. Miezi michache baadaye, tarehe 13 Februari 1920, Foster na wamiliki wenzake walikutana katika jengo la YMCA la Weusi mjini Kansas City, wakaunda Ligi ya Taifa ya Weusi.

Ijapokuwa iliitwa ya taifa, ligi hiyo ilikuwa ya kanda. Timu zake nane zilitegemea miji ya Magharibi ya Kati: mbili za Chicago, kisha Detroit, Indianapolis, Kansas City, Dayton na St. Louis, pamoja na Cuban Stars waliokuwa wasafiri. Sababu yake haikuwa chuki dhidi ya Mashariki. Timu zilisafiri kwa gari la moshi, na nauli ya safari ndefu ingemeza viingilio vyote. Ndoto ya Foster ilikuwa kwamba Mashariki nao wangekuwa na ligi yao, washindi wa pande mbili wakutane, na hatimaye ligi kuu za Wazungu zishindwe kuwapuuza.

Foster alikuwa rais wa ligi, mhazini wake, na papo hapo meneja wa American Giants. Alitwaa asilimia 5 ya viingilio kwa ajili ya kuiendesha ligi, na timu ilipokwama njiani bila nauli, mara nyingi yeye ndiye aliyeikwamua. Ili ligi iwe na uwiano, mchezaji hodari Oscar Charleston aliondoka kwake akarudi Indianapolis. Hata hivyo, wakosoaji walinung'unika kwamba mwamuzi wa mambo yote alikuwa pia mshindani. Manung'uniko hayo hayakutoka hewani, maadamu American Giants walitwaa ubingwa wa 1920, 1921 na 1922.

Mgawanyiko ulifuata. Ed Bolden, mmiliki wa Hilldale karibu na Philadelphia, aliongoza kuundwa kwa ligi ya Mashariki iliyoanza kucheza mwaka 1923. Ligi hiyo iliwavuta wachezaji wa Magharibi kwa mishahara minono, na Foster akaghadhabika. Ajabu ni kwamba uhasama huo ndio uliozaa alichokitamani. Pande mbili zilipopatana mnamo 1924, mabingwa wao walikutana katika fainali ya mechi kumi: Kansas City Monarchs walishinda tano, Hilldale nne, na moja ikaisha sare.

Mwili na akili havikumngoja avune. Mwaka 1925 alizidiwa na gesi iliyovuja chumbani mwake mjini Indianapolis. Mwaka 1926 akili yake ilivurugika, akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Kankakee, Illinois. Hakutoka tena. Alifariki tarehe 9 Desemba 1930, akiwa na umri wa miaka 51. Ligi ya Mashariki ilikuwa imeshasambaratika mwaka 1928, na ile aliyoiasisi ilivunjika baada ya msimu wa 1931, katika dhiki ya mdororo wa uchumi.

Wengine waliziinua ligi upya katika miaka ya 1930. Jackie Robinson, aliyeuvunja ubaguzi katika ligi kuu mwaka 1947 akiwa na Brooklyn Dodgers, alikuwa ameichezea Kansas City Monarchs mnamo 1945. Lakini mlango ulipofunguliwa, aliruhusiwa mchezaji mmoja mmoja, si timu wala wamiliki wake. Nyumba ya Foster ikabaki tupu polepole. Yeye mwenyewe aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli mwaka 1981. Mnamo 2020 ligi za Weusi za kati ya 1920 na 1948 zilitambuliwa rasmi kuwa ligi kuu.

Sifa hizo zinamstahiki. Hata hivyo, sisi tunaoendesha vyama, hata hivi vidogo vya wanafunzi, tusiishie kwenye sifa. Foster alikuwa nguzo, paa na ufunguo wa nyumba yake. Ukarimu wake uliisimamisha ligi, na ukarimu uo huo ukawazoesha wenzake kumtegemea. Aliyewahi kuona chama kikilala siku mwenyekiti wake alipohitimu hatahitaji kuelezwa yaliyotokea baada ya 1926.