Carrie Buck: Manzi Aliyefungwa Kizazi Ndio Aachiliwe na Serikali

Kuna wakati Marekani ilikuwa inafungia watu kwa vituo vya serikali bila kosa lolote, eti tu akili zao hazijakaa sawa. Wengi kutoka ilikuwa lazima kwanza upite kwa kisu. Jina kubwa kwa hiyo stori ni Carrie Buck, na ukimsoma utashangaa hiyo shida ya akili ilikuwa wapi.

Alizaliwa 1906 Charlottesville, Virginia. Mathe yake, Emma, alikuwa amesota, so Carrie akalelewa na familia ingine. Shule alikuwa anapita freshi lakini baada ya darasa la sita wakamtoa awafanyie kazi za nyumba. Akiwa 17 akapata mimba. Alisema alibakwa na mpwa wa mama aliyemlea. Familia ikafanya nini? Ikaenda kortini kusema mresh ni punguani. Alipojifungua, 1924, akapelekwa kituo cha serikali karibu na Lynchburg, pale pale Emma alikuwa ashafungiwa.

Mwaka huo huo Virginia ikapitisha sheria ya kufunga watu kama hao kizazi. Kituo kilitaka kesi ya kuipima, Carrie akachaguliwa. Hapa ndio noma. Wakili aliyepewa kumtetea, Irving Whitehead, alikuwa ashawahi kukaa kwa bodi ya hicho kituo! Hakuita shahidi hata mmoja, hata mwalimu wake. Mtoi wake, Vivian, alitajwa pia, mfanyakazi wa huduma za jamii akidai haonekani sawa. Mtoi wa miezi kama 7, jameni.

Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mei 1927 majaji 8 wakakubali, mmoja tu akapinga. Oktoba akakatwa, na baada ya muda mfupi akaachiliwa akafanye kazi kwa nyumba za watu. Yaani hana akili ya kulea mtoi wake, lakini ya kupikia wenyewe anayo.

Vivian alibaki na ile familia. Shuleni aliwahi kuingia kwa orodha ya wanaofanya poa, kisha akafariki 1932 akiwa na miaka 8. Carrie aliolewa mwaka huo. Hakuzaa tena. Uzeeni alipenda kusoma magazeti na kujaza mafumbo ya maneno. Sistake, Doris, alikatwa pia, akadanganywa ni apendiksi. Alitafuta mtoi na mzee wake miaka na miaka, akajua ukweli karibu 1980.

Carrie alifariki 1983, akazikwa Charlottesville, makaburi yale yale ya Vivian. Virginia ilikuwa imefanyia watu kama 8,000 hivyo. Gavana aliomba msamaha 2002, na fidia ya dola 25,000 kwa waliokuwa bado hai ikapita 2015. Kile kituo kilifungwa 2020, baada ya serikali kuu kubana Virginia iwatafutie watu makao mitaani. Hao walitoka bila kukatwa.