Hugo de Vries na Maua ya Hilversum

Miongoni mwa wataalamu waliolivalia njuga swali la chanzo cha spishi mpya baada ya Charles Darwin, Hugo de Vries alithubutu kuliko wengi. Alizaliwa mjini Haarlem, Uholanzi, mwaka wa 1848, akasomea Leiden na Ujerumani, kisha akafundisha botania katika Chuo Kikuu cha Amsterdam.

Darwin alikuwa ameshikilia kwamba viumbe hubadilika hatua kwa hatua, tofauti ndogo ndogo zikirundikana kwa vizazi vingi. De Vries hakuridhika. Mwaka wa 1886, katika shamba la viazi lililotelekezwa karibu na Hilversum, aliiona mimea ya Oenothera lamarckiana, ambayo maua yake ya manjano hufunguka jua likitua. Michache kati yake ilitofautiana waziwazi na mingineyo. Aliipanda bustanini mwake, akaihesabu mwaka baada ya mwaka. Katika mimea zaidi ya 50,000, takribani 800 ilizuka na sura mpya, na mingi ikairithisha sura hiyo kwa vizazi vyake. Mizuko hiyo aliiita mutesheni. Katika juzuu mbili za Die Mutationstheorie, za mwaka wa 1901 na 1903, alidai kwamba spishi huzaliwa kwa mruko mmoja, nao uteuzi asilia hubaki na kazi ya ungo tu: kupepeta kilichokwisha kuzuka.

Mwaka wa 1900 uliacha doa katika sifa yake. Alitoa taarifa kwa Kifaransa kuhusu kanuni za urithi bila kumtaja Gregor Mendel, aliyezigundua zaidi ya miaka 30 awali. Katika makala yake ya Kijerumani ya mwaka uo huo alimtaja. Wapo wanaomtetea, sisi twaona kwamba mtafiti wa hadhi yake hakustahili kumsahau marehemu hata katika lugha moja.

Pigo kubwa zaidi lilitoka kwa maua yenyewe. Ilibainika kwamba Oenothera ni mmea wenye mpangilio wa kromosomu usio wa kawaida, na kwamba mengi aliyoyaona yalikuwa kromosomu zikipangika upya au kuongezeka. Aina aliyoiita gigas, kwa mfano, ilikuwa na kromosomu 28 badala ya 14. Hata hivyo, wazo halikufa. Thomas Hunt Morgan, aliyeizuru bustani ile, alitafuta mutesheni katika nzi wa matunda, na mwaka wa 1910 akampata nzi dume mwenye macho meupe. Mabadiliko ya namna hii, mengi yakiwa madogo, ndiyo yanayoupa uteuzi wa Darwin malighafi yake. Mwaka wa 1943, Salvador Luria na Max Delbrück walionyesha kwa bakteria kwamba hutokea yenyewe, bila kungoja kiumbe kiyahitaji.

De Vries hakuuona ushahidi huo. Alistaafu mwaka wa 1918, akahamia kijiji cha Lunteren, akaendelea kuipanda Oenothera yake hadi alipofariki mwaka wa 1935.