John Browning: masasi ngapi yanatosha mfukoni?

Leo tunaeleza maisha ya fundi ambaye jina lake linajulikana kupita sura yake. Kwa Kifaransa watu walizoea kuita bastola yoyote browning, hata kama haikutoka mkononi mwake. Yeye njo alihangaika maisha yake yote na hesabu moja: silaha ibebe masasi mengi, ao iwe nyepesi ili mtu aweze kutembea nayo?

John Moses Browning alizaliwa tarehe 23 Januari 1855 kule Ogden, Utah, inchini Marekani. Baba yake Jonathan alikuwa fundi wa bunduki, Mmormoni mwenye wake watatu na watoto 22. Masomo ya darasani yalikuwa kidogo. Karakana ya baba njo ilikuwa shule yake. Alijifunza kwa kufungua bunduki zilizovunjika na kutafuta juu ya nini zimevunjika. Angali mtoto, alimutengenezea ndugu yake bunduki kwa vyuma vilivyotupwa.

Mwaka 1879 baba alikufa, na mwaka ule ule John alipata hati yake ya kwanza ya uvumbuzi. Mwaka 1883 kampani Winchester ilinunua ile bunduki kwa dola 8.000. Mpaka mwisho wa maisha yake alipata hati 128. Mwaka 1889 aliona upepo unaotoka mdomoni mwa bunduki ukilaza majani. Akafikiri kwamba ile nguvu inapotea bure. Kumbe inaweza kufanya kazi: kutoa ganda la risasi na kuingiza risasi ingine, mtu anafyatua tu. Vile aliingia katika silaha zinazojijaza zenyewe.

Mwaka ule ule wa 1889, kule Herstal karibu na Liège, Wabelgiji walianzisha kiwanda FN ili kitengeneze bunduki 150.000 za Mauser kwa jeshi lao. Herstal ilikuwa inchi ya makaa na chuma, wenye kuingia shimoni na wenye kukaa mbele ya mashini wakiishi mtaa mmoja, sawasawa na kwetu. Mwaka 1897 mjumbe wa FN alikutana na Browning Amerika. Toka siku ile alivuka bahari mara nyingi sana.

Bastola yake ya kwanza kule ilibeba masasi 7 ya milimita 7,65. Tena akatengeneza kadogo ka mfuko wa koti, ya milimita 6,35: masasi 6, urefu karibu sentimita 11, uzito chini ya gramu 400. Mtu aliweza kuisahau mfukoni. Lakini ile risasi ilikuwa zaifu. Kwa jeshi la Marekani akatengeneza ile ya mwaka 1911: masasi 7 makubwa ya milimita 11,43, uzito kilo moja na zaidi. Askari mwenye mukaba na ala yake anaibeba bila shida. Mwenye kuificha chini ya shati atajua uchungu wake mbele ya saa sita.

Katikati ya zile mbili akaweka FN 1910. Gramu karibu 600, na haina nyundo ya inje inayoweza kushikwa na nguo. Resori aliizungusha kwenye mututu, bastola ikawa nyembamba. Hapa mayele yake inaonekana: aliongeza faida bila kuongeza unene. Kwa kuficha silaha, unene unasumbua kupita urefu.

Hatumusifu kwa upofu. Kitu kinachofichika kwa mlinzi kinafichika pia kwa muuaji. Tarehe 28 Juni 1914 kule Sarajevo, kijana Gavrilo Princip aliua mrizi wa kiti cha Austria na mke wake kwa FN 1910. Vita vilivyofuata vilifika mpaka kwetu, na babu zetu walibeba mizigo yake.

Kiisha vita, jeshi la Ufaransa likataka bastola ya masasi 10 ao zaidi. Fundi wa FN, Dieudonné Saive, akapanga masasi safu mbili ndani ya sharjeri, na Browning akaanza kuchora silaha yenyewe. Hakuiona imekamilika. Tarehe 26 Novemba 1926, akiwa na miaka 71, moyo wake ulisimama ndani ya kiwanda kule Herstal, katika ofisi ya mtoto wake Val. Saive akaimaliza, ikatoka mwaka 1935 kwa jina Grande Puissance, ao GP: masasi 13. Huyu Saive njo alitengeneza nyuma FAL, ile wazee wa Katanga wanaikumbuka vizuri.

Lakini ona bei ya zile 13. Risasi moja ya milimita 9 ina gramu karibu 12, kwa hiyo masasi peke yake ni gramu 150 na zaidi. Safu mbili zinafanya mushikio kuwa munene. Askari alifurahi. Mwenye kuficha silaha chini ya koti alibakia na zile nyembamba za masasi 6 ao 7. Hakuna fundi aliyekosea. Kila mmoja alipima kwa kazi yake.

Simwambii mtu atafute silaha. Kutembea nayo bila ruhusa ya serikali ni njia ya gereza, na ndani ya nyumba yenye watoto ni hatari ya kila siku. Nachukua ile hesabu tu, juu inatuhusu. Kampani zinapochagua maski ya kujiokoa kule chini, tunaonyeshwa karatasi: hii inatoa hewa dakika nyingi kupita ile. Ni vizuri, dakika ni maisha. Lakini tuulize pia: uzito wake ni kilo ngapi? Mtu ataifunga mukaboni shifti nzima, ao ataivua na kuitundika ukutani juu inamubana mbavu? Siku ya aksida, maski ya dakika nyingi iliyobaki ukutani haitoi hewa hata dakika moja.

Kwa hiyo wajumbe wa sendika wasikubali kuchagua kwa karatasi. Waombe kipimo shimoni, mukaboni mwa mufanyakazi, toka kushuka mpaka kupanda. Browning alipima na mfuko wa koti. Sisi tupime na mukaba wetu.