JIM CORBETT: MKATA MITI ALIYEGEUKA MLINZI WA MSITU

Mkifika Nyeri mjini, kwenye makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro, mtaliona kaburi la mzee mmoja aliyevuma dunia nzima. Huyo ni Edward James Corbett, au Jim.

Alizaliwa tarehe 25 Julai 1875 huko Naini Tal, kaskazini mwa India. Babake alifariki Jim akiwa bado mdogo, kwa hivyo alipotoka shuleni ilimbidi atafute kazi haraka. Akaajiriwa na reli. Kazi yenyewe? Kusimamia ukataji wa miti ya kuni za garimoshi! Misitu ilifyekwa, na viumbe waliokaa humo wakakosa makao. Kijana huyo aliyaona hayo kwa macho yake.

Baadaye akawa mwindaji stadi. Mwaka wa 1907 alimuua chui-milia jike wa Champawat, aliyesemekana kuwa ameua watu 436. Alipomchunguza, kumbe meno yake yalikuwa yamevunjwa zamani kwa risasi! Alishindwa kuwinda wanyama, ndipo akageukia watu. Corbett akatambua kuwa mara nyingi binadamu ndiye anayeanza ugomvi. Polepole akaacha kuwinda kwa kujifurahisha, akashika kamera. Alisaidia kuanzishwa kwa mbuga ya kwanza ya taifa nchini India mwaka wa 1936. Mwaka wa 1947 alihamia Kenya, na akaaga dunia Nyeri tarehe 19 Aprili 1955. Mbuga ile baadaye ilipewa jina lake.

Je, kazi yake imekwisha? Wapi! Hesabu ya mwaka wa 2022 ilionyesha kuwa India ina chui-milia zaidi ya 3,600, na 260 kati yao wako katika hifadhi ya Corbett. Lakini leo hatari si bunduki peke yake, ni lami pia. Barabara hupasua msitu vipande vipande. Dume akivuka usiku kutafuta jike, lori linamgonga. Asipovuka, wanabaki kuzaana ndugu kwa ndugu na kizazi kinadhoofika. Majangili nao wamepata njia rahisi ya kuingilia.

Sisemi barabara zisijengwe. Mgonjwa atafikaje hospitalini? Lakini karibu na hifadhi ya Pench, huko huko India, sehemu za barabara kuu zimeinuliwa juu ya nguzo, na chui-milia wanapita chini salama. Hata kwetu, reli ya kisasa imevuka Mbuga ya Nairobi juu ya daraja.

Ndugu zangu, baadhi yetu tutakuwa mainjinia kesho. Tukichora barabara ya watu, tumchoree na mwenye msitu njia yake.