Braun: Mwasisi wa antena shirikishi aliyefia ugenini

MKAZI wa Ngamiani jijini Tanga anayepiga simu, au mvuvi wa Pangani anayeulizia bei ya samaki kabla ya kurudi pwani, hutegemea mnara wenye antena kadhaa zinazofanya kazi kwa pamoja. Miongoni mwa waliotangulia kuonyesha kuwa antena zikishirikiana huweza kuyaelekeza mawimbi upande yanakotakiwa ni Profesa Karl Ferdinand Braun, mwanafizikia wa Kijerumani.

Braun alizaliwa Juni 6, 1850 katika mji wa Fulda. Alisoma Marburg na Berlin, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1872. Miaka miwili baadaye, akiwa mwalimu wa shule huko Leipzig, alieleza jinsi baadhi ya madini yanavyopitisha umeme kwa urahisi zaidi upande mmoja kuliko wa pili. Mwaka 1897, akiwa Strasbourg, alibuni bomba la kioo linaloonyesha mwendo wa umeme kwa nuru. Ndilo lililozaa televisheni za kioo kizito tulizozizoea zamani.

Mwaka uliofuata aligeukia simu ya upepo, kama wazee wetu walivyoyaita mawasiliano ya redio. Mitambo ya awali ya Guglielmo Marconi haikuweza kufika mbali sana. Braun aliitenganisha antena na saketi inayozalisha mawimbi, na nguvu ya mtambo ikaongezeka. Mwaka 1909 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya Fizikia, ingawa jina la Marconi ndilo lililovuma.

Jaribio linalomhusu zaidi msomaji wa leo ni la mwaka 1905. Braun alisimamisha antena tatu katika pembe za pembetatu, akazipa umeme kwa kupishana kidogo mno. Upande mmoja mawimbi yalikutana yakaongezeana nguvu. Upande mwingine yalipingana yakafifia. Alipobadili zamu za antena, mwelekeo nao ulihama bila mlingoti wowote kuguswa.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Agosti 8, 1914 manowari ya Kiingereza, Astraea, ilishambulia Dar es Salaam, shabaha yake ikiwa kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Novemba mwaka huo, Tanga nayo ikawa uwanja wa mapigano.

Mwishoni mwa mwaka huohuo, Braun alisafiri hadi New York kutoa ushahidi katika kesi ya hataza iliyokihusu kituo cha Wajerumani cha Sayville. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, alihesabiwa raia wa nchi adui, na njia ya kurudi kwao ikafungwa. Alifariki Brooklyn, Aprili 20, 1918, akiwa na umri wa miaka 67, miezi michache kabla ya vita kumalizika.

Leo watafiti wanaendeleza wazo lake kwa antena nyingi zaidi zinazoongozwa na kompyuta. Mawimbi yanayogonga majengo au milima kama Usambara na kurudi kwa njia mbalimbali, ambayo zamani yalivuruga mawasiliano, sasa hukusanywa na kutumika kubeba taarifa nyingi zaidi. Mzee huyo hakuwahi kuiona simu ya mkononi, lakini mchango wake umo katika minara inayotuunganisha na ndugu zetu walio mbali.