Finsen: Tabibu mgonjwa aliyegeuza mwanga kuwa dawa

JUA huchomoza Kitui na Makueni karibu saa ile ile mwaka mzima. Kaunti hizi ziko kusini kidogo mwa Ikweta, na kuanzia Mutomo hadi Kibwezi mchana na usiku hugawana siku takriban nusu kwa nusu. Mkulima wa mbaazi na pojo huliogopa jua hilo mvua inapokosekana, na ni nadra kulihesabu miongoni mwa dawa. Mtu aliyewafundisha matabibu kuutazama mwanga kwa jicho hilo alizaliwa mahali ambako mwanga wenyewe ni adimu.

Niels Ryberg Finsen alizaliwa Desemba 15, 1860, mjini Tórshavn katika Visiwa vya Faroe, chini ya Denmark. Huko, siku za Desemba hupata mwanga wa takriban saa tano tu. Alipopelekwa shule nchini Denmark, walimu wake hawakumwona kuwa na kipaji, akahamishiwa Reykjavik, Iceland, nchi ya asili ya baba yake. Mwaka 1882 alikwenda Copenhagen kusomea udaktari, akafuzu mwaka 1890.

Kabla hata ya kufuzu, maradhi yalikuwa yamemwingia. Yaliathiri moyo, ini na wengu, na tumbo lake likawa likijaa maji. Chumba alichoishi kilielekea kaskazini na hakikupata jua. Finsen aligundua kwamba alikuwa mnyonge humo ndani, na kwamba alipata nafuu kila alipokaa juani. Siku moja akiwa dirishani alimwona paka akiota jua. Kivuli kilipomfikia, paka alisogea, na kilipomfikia tena akasogea tena. Finsen akajiuliza ni kitu gani katika mwanga ambacho mwili wa kiumbe hukitafuta hivyo.

Mwaka 1893 alipendekeza wagonjwa wa ndui wakingwe dhidi ya miale mikali kwa kuwekwa katika vyumba vya mwanga mwekundu. Pendekezo hilo halikudumu katika tiba. Lililomletea sifa lilianza mwaka 1895, alipomtibu kwa taa kali ya umeme mhandisi mmoja aliyekuwa na kifua kikuu cha ngozi. Maradhi hayo yalikuwa yakila pua na mashavu, na wengi waliougua walijificha wasionekane na watu. Mwaka 1896 ikafunguliwa Taasisi ya Mwanga mjini Copenhagen. Wagonjwa walilala kuizunguka taa, huku wauguzi wakikandamiza kwenye ngozi lenzi zilizopozwa kwa maji. Kazi hiyo ilichukua saa moja au zaidi kila siku, kwa miezi mingi. Mamia walitibiwa na wengi wao wakapona.

Finsen alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1903, lakini afya yake haikumruhusu kusafiri hadi Stockholm kuipokea. Wakati huo alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu. Sehemu ya fedha za tuzo aliitoa kwa taasisi yake. Alifariki Septemba 24, 1904, akiwa na umri wa miaka 43.

Dawa za kuua viini zilipopatikana katikati ya karne ya 20, taa zake zilistaafishwa. Watafiti wa Denmark waliozichunguza upya mwaka 2005 walionyesha kwamba hata maelezo yake kuhusu miale iliyoponya hayakuwa sahihi kabisa.

Hata hivyo, tiba ya mwanga imerejea kwa njia nyingine, yaani kupitia macho. Mwanzoni mwa karne hii ilibainika kwamba jicho lina chembe ambazo kazi yake kuu ni kuujulisha ubongo kama ni mchana au usiku, ili saa ya mwili ipange usingizi na nguvu. Saratani na dawa zake huweza kuivuruga saa hiyo, mgonjwa akasinzia mchana na kukesha usiku. Utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulihusisha wanawake wenye saratani ya matiti. Waliokaa mbele ya mwanga mkali nusu saa kila asubuhi wakati wa matibabu hawakuzidiwa na uchovu kama wenzao waliopewa mwanga hafifu. Haikudaiwa kwamba mwanga huo ulipunguza uvimbe.

Mgonjwa wa Wote au Mwingi anayeshinda katika chumba chenye giza anaweza kumuuliza daktari wake kuhusu kukaa nje asubuhi, bila kulikodolea jua macho. Kuuliza ni muhimu, kwani baadhi ya dawa za saratani huifanya ngozi iungue upesi, na ngozi iliyopigwa miale ya tiba hukingwa. Wenye ulemavu wa ngozi nao jua huwaletea saratani yenyewe.

Anayeahidi kwamba jua litachukua nafasi ya dawa hana haki ya kulitumia jina la Finsen. Tabibu huyo alijipima mwenyewe kwa miaka, akiandika kiasi cha chumvi na maji alichotumia, na matokeo akayachapisha mwaka aliofariki. Alijua kwamba mwanga ulimpa faraja, ila maradhi yake haukuyaponya.